Seva ya pili ya printa haitoshi ikiwa njia ni ile ile

Safari hii tumechagua maswali matatu yanayohusu uchapaji kazini, mawili kutoka Mwanza na moja kutoka Musoma. La kwanza limepewa nafasi kubwa kuliko mengine kwa sababu aliyeuliza ameeleza hali yake kwa ukamilifu, na kwa sababu naamini wengi wanaosimamia kompyuta katika viwanda, hospitali na ofisi za mizigo kandokando ya ziwa wamekwama pale pale alipokwama yeye.

SWALI LA KWANZA

Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni msimamizi wa kompyuta katika kiwanda cha kuchakata minofu ya sangara hapa Igogo. Tuna kompyuta zipatazo 60 na printa 14: printa 4 za lebo katika ukumbi wa kufungashia, 1 getini, na 9 zilizobaki ziko maofisini. Zote hupitia seva moja ya Windows iliyo katika chumba cha wahasibu, na seva hiyo hiyo ndiyo inayobeba majina ya watumiaji na DNS yetu, yaani orodha inayoziambia kompyuta kila jina la mashine liko kwenye anwani gani. Mwezi uliopita, saa 10 alfajiri, printa zote zilinyamaza kwa wakati mmoja. Malori mawili yenye majokofu yalikuwa yamekaribia kujaa, lakini maboksi ya mwisho hayakuwa na lebo, na mlinzi hakuweza kufungua geti bila hati ya kutokea. Tulisubiri hadi saa 2 asubuhi, nilipofika na kuwasha seva upya. Sasa mkurugenzi amekubali tununue seva ya pili, na muuzaji mmoja ametushauri tuziunganishe mbili hizo ziwe klasta, ili moja ikianguka nyingine ichukue kazi bila mtu yeyote kujua. Je, ushauri huo ni sahihi, na nianzie wapi?

Msimamizi wa kompyuta, Igogo, Mwanza

JIBU

Ndugu msomaji, pole sana kwa alfajiri ile. Kabla hamjatoa hata shilingi moja, naomba urudi kwenye tukio lenyewe ujiulize ni kitu gani hasa kilichoanguka. Umesema uliwasha seva upya na kazi ikaendelea, jambo linaloonyesha kwamba mashine yenyewe haikuwa imeharibika. Yaelekea kilichoanguka ni ile huduma ya Windows inayopokea kazi za kuchapa, kuzipanga foleni na kuzipeleka kwenye printa, ambayo mafundi huiita spula. Seva inaweza kuwa hai kabisa, watu wakaingia kwa nywila zao na mafaili yakafunguka kama kawaida, ilhali spula imeanguka na hakuna karatasi hata moja inayotoka.

Ushahidi bado upo. Fungua kumbukumbu za matukio za Windows, sehemu ya mfumo, utafute tukio namba 7031 au 7034 la alfajiri hiyo. Namba hizo huandikwa huduma inapokufa bila kuagizwa, na jina la huduma iliyokufa hutajwa. Kisha nenda kwenye kumbukumbu za huduma ya uchapaji. Huko kuna madaftari mawili: la makosa, ambalo huwa limewashwa, na la shughuli za kila siku, ambalo Windows huja nalo likiwa limezimwa. Liwashe leo hii. Kuanzia hapo kila kazi inayochapwa itaandikwa kama tukio namba 307, pamoja na jina la aliyeituma, printa iliyoipokea, ukubwa wake na idadi ya kurasa, na siku printa zikinyamaza tena utajua ni kazi ipi iliyokuwa ya mwisho kupita.

Nasisitiza hilo kwa sababu mara nyingi chanzo ni kazi moja tu. Niliwahi kuitwa usiku katika ofisi moja ya mizigo ambako spula ilikuwa ikiwashwa, inakaa sekunde chache, kisha inazimika. Tulifungua folda yake ya foleni, iliyo ndani ya System32, kisha spool, kisha PRINTERS. Kila kazi inayosubiri huacha humo mafaili mawili yenye namba moja: lenye mwisho wa SPL, ambalo ndilo kurasa zenyewe, na lenye mwisho wa SHD, ambalo hubeba maelezo ya nani ameituma na inakwenda printa gani. Tulikuta jozi zaidi ya 30 zimejipanga. Faili la SPL la jozi ya kwanza lilikuwa na baiti chache tu, wakati yaliyofuata yalikuwa na mamia ya kilobaiti. Mtu alikuwa ametuma hati, umeme ukakatika kwenye kompyuta yake kabla haijamaliza kufika. Kila spula ilipoamka ilianza na kazi hiyo, ikajikwaa, ikaanguka. Tuliisimamisha huduma, tukaiondoa jozi ile moja, tukaiwasha tena, na hati zote zilizobaki zikatoka zenyewe moja baada ya nyingine mbele ya dereva aliyekuwa amesimama mlangoni tangu jioni.

Hapo ndipo ninapotofautiana na muuzaji wenu. Katika Windows Server 2008 R2 ulikuwa unaweza kweli kuifanya huduma ya uchapaji iwe sehemu ya klasta, ikahama yenyewe kutoka mashine moja kwenda nyingine. Kuanzia Windows Server 2012 Microsoft waliuondoa utaratibu huo. Kinachoitwa klasta ya printa leo ni kuiweka seva nzima ya printa ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine, kisha mashine hiyo pepe ikae juu ya mashine mbili za chuma zinazotumia hifadhi moja ya diski. Mashine ya kwanza ikizimika, ile pepe huwashwa upya juu ya ya pili. Ni utaratibu mzuri kwa mwenye uwezo wa kununua hifadhi hiyo ya pamoja, lakini zingatia kile unachohamisha: ni Windows ile ile, draiva zile zile (programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuendesha kila printa), na folda ile ile yenye faili lililoharibika. Kama mlichougua alfajiri ile kilikuwa spula, klasta ingebeba mgonjwa na kumlaza kitanda kingine. Kwa kiwanda cha kompyuta 60 mimi nisingeinunua.

Kwa upande wa spula, dawa ya kwanza haina gharama. Katika mipangilio ya huduma hiyo, hakikisha kwamba ikianguka Windows inaiwasha tena yenyewe, si mara ya kwanza tu bali na mara zinazofuata. Halafu zitenge draiva. Tangu Windows Server 2008 R2 inawezekana kila draiva iendeshwe katika chumba chake, nje ya spula, ili draiva mbovu ya printa ya rangi ya ofisini ikianguka isiziburute printa za lebo. Ukifungua orodha ya draiva katika programu ya kusimamia uchapaji utaona safu inayoonyesha ni zipi zimetengwa na zipi bado zinakaa pamoja.

Hamisha pia folda ya foleni kutoka kwenye diski ya mfumo. Ukurasa mmoja wa A4 kwa nukta 600 kwa kila inchi una nukta karibu milioni 35. Ukiwa wa nyeusi tupu ni megabaiti 4 na kitu. Ukiwa wa rangi nne, kila nukta ikichukua baiti 4, unafika megabaiti 139 kabla ya kubanwa. Mtu akituma ripoti ya kurasa 40 iliyoskaniwa kwa rangi, inaweza kuijaza diski iliyokuwa imebakiza nafasi ndogo, na diski ya mfumo ikijaa si printa pekee zitakazosimama.

Sasa nije kwenye seva ya pili, ambayo nakubaliana na mkurugenzi wako kwamba mnaihitaji. Jambo lililonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni sentensi uliyoipita haraka, kwamba seva ya printa ndiyo hiyo hiyo inayobeba majina ya watumiaji na DNS. Hata mkinunua seva tatu za printa, mashine hiyo ikizimika hakuna kompyuta itakayojua zilipo. Tena Microsoft wenyewe wanashauri spula izimwe kwenye seva inayobeba majina ya watumiaji, kwa sababu za kiusalama. Kwa hiyo nunueni mashine ya pili, kisha kila moja kati ya mbili hizo ibebe mashine pepe mbili: ya kwanza kwa ajili ya majina na DNS, ya pili kwa ajili ya printa peke yake. Leseni ya kawaida ya Windows Server, ile inayoitwa Standard, inaruhusu mashine pepe mbili juu ya mashine moja iliyopewa leseni kikamilifu, mradi mashine mama isifanye kazi nyingine zaidi ya kuzibeba. Kompyuta zote zipewe anwani za DNS zote mbili. Printa zenyewe zipewe anwani zisizobadilika.

Seva mbili za printa, tuziite A na B, ziwe na foleni zenye majina yale yale na draiva za toleo lile lile. Windows ina zana iitwayo PrintBrm inayofungasha foleni, bandari (yaani njia za mtandao za kuifikia kila printa) na draiva za seva moja katika faili moja, ambalo unaweza kulifungua kwenye seva nyingine. Panga ifanye hivyo kila wiki, na kila mara unapoongeza printa. Hakuna ubaya wowote wa seva mbili kuijua printa moja. Printa hupokea kazi ya anayewahi, na mwingine husubiri zamu yake.

Usiiache B ikae bila kazi ikingoja msiba. Ipe maofisi, na A ipe ukumbi wa kufungashia na geti. Seva inayofanya kazi kila siku huonyesha kasoro zake mchana, watu wakiwepo. Iliyolala mwaka mzima huzionyesha siku inapohitajika. Kompyuta zisiunganishwe kwa jina la A wala la B bali kwa majina ya badala utakayoyaandika katika DNS, kwa mfano printa-kiwanda na printa-ofisi. A ikianguka, unabadilisha mstari mmoja wa DNS ili printa-kiwanda ielekee B. DNS ya Windows huziambia kompyuta zikumbuke jibu kwa saa 1; kwa majina haya mawili punguza iwe dakika 5. Kompyuta itakayoendelea kung'ang'ania jina la zamani ifutiwe kumbukumbu ya DNS kwa amri ya ipconfig, na ikibidi iwashwe upya.

Kuna mitego miwili hapa, na yote miwili nimeiona ikimkwamisha mtu aliyefanya kila kitu vizuri. Wa kwanza ni kwamba Windows haikubali kwa urahisi kuitwa kwa jina lisilo lake. Jina la badala huandikishwa kwa amri ya netdom computername, na spula nayo huambiwa ilikubali kwa kuweka thamani iitwayo DnsOnWire iwe 1 katika rejesta, yaani ghala la mipangilio ya Windows. Jina hilo haliwezi kuandikishwa kwa seva mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo kulihamisha maana yake ni kuliondoa kwa A kwanza, ndipo kulipeleka kwa B. Andika hatua hizo kama skripti fupi, uzihifadhi kwenye seva zote mbili za majina, na uchape nakala ya karatasi ibandikwe ndani ya mlango wa kabati.

Mtego wa pili ulianza mwaka 2021. Mwaka huo uligunduliwa udhaifu mkubwa katika spula ya Windows uliopewa jina la PrintNightmare, na kuanzia masasisho ya Agosti mwaka huo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kusakinisha draiva ya printa kutoka kwenye seva. Windows humdai nywila ya msimamizi. Ulinzi huo ni wa lazima na usiuzime. Lakini fikiria saa 10 alfajiri: jina limehamia B, B ina draiva ya toleo tofauti kidogo na ya A, na kila kompyuta ya ukumbi wa kufungashia inatoa kisanduku kinachodai nywila ambayo unayo wewe uliyeko nyumbani. Ndiyo maana nimesema toleo lile lile. Sakinisha draiva kwenye kompyuta mapema, ukiwa msimamizi, na ukisasisha kwa A usiondoke bila kusasisha kwa B.

Kuhusu mahali pa kuweka mashine hiyo ya pili, tafadhali isiwe chumba cha wahasibu. Seva mbili juu ya meza moja, kwenye UPS moja (betri ya akiba) na swichi moja ya mtandao, ni seva moja iliyogharimu mara mbili. Iweke jengo jingine, na UPS yake na swichi yake, mahali pakavu mbali na barafu na maji ya kuoshea, na pasipo taa inayoita wadudu wa ziwani usiku, maana nimefungua kompyuta za huku pwani ya ziwa nikakuta feni zimezibwa nao. Kati ya majengo hayo mawili vuta faiba badala ya kebo ya shaba. Kanda yetu ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi duniani, hasa kwa dhoruba zinazotokea ziwani usiku, na shaba inayounganisha majengo huipitisha radi iliyopiga upande mmoja hadi upande wa pili, ikaunguza A na B kwa pigo moja. Faiba ya kioo haipitishi umeme.

Printa za leza msizichomeke kwenye UPS ya seva. Sehemu inayoyeyusha wino juu ya karatasi huvuta umeme mwingi kwa ghafla kila inapopata joto, na UPS ndogo itazidiwa na kuiangusha seva mliyotaka kuilinda. Printa za lebo za joto ni tofauti. Matumizi yake ni madogo, na ningependa kila moja ya zile nne iwe na UPS yake.

Hata hivyo, njia ya geti isiitegemee seva yoyote. Kwenye kompyuta mbili, ya mlinzi na ya msimamizi wa zamu, weka foleni ya pili inayokwenda moja kwa moja kwenye anwani ya printa ya getini kupitia bandari 9100, na uipe jina ambalo mtu mwenye haraka atalielewa, kama vile GETI BILA SEVA. Printa hiyo nayo ni moja tu. Seva mbili hazitakusaidia chochote karatasi ikinasa ndani yake na kuvunja meno ya rola, kwa hiyo kama fedha haitoshi kwa kila kitu, nunueni kwanza printa ya pili ya getini ya aina ile ile. Kwa dharura kubwa kabisa, kiwe pale kitabu cha hati za kutokea za kuandika kwa mkono, chenye namba za mfululizo na karatasi ya kaboni, kilichosainiwa na uongozi kwamba mlinzi anaruhusiwa kukitumia.

Nimebakiza jambo ambalo kwa kiwanda cha chakula naliona zito kuliko yote, nalo ni kile kinachotokea A inaporudi. Kazi zilizokuwa kwenye foleni ya A wakati inaanguka hazihamii B. Zinabaki kwenye diski yake. Wafungashaji wataona lebo hazijatoka, watazituma tena, nazo zitatoka kupitia B. Maboksi yatabandikwa na lori litaondoka. Saa mbili baadaye fundi anaiwasha A, spula inaamka, inakuta kazi zake zinamsubiri, na printa za ukumbini zinaanza kutoa lebo za alfajiri kwa mara ya pili, zikiwa na namba ile ile ya kundi la uzalishaji na tarehe ile ile, mbele ya mfungashaji wa zamu mpya ambaye hajui lolote na ambaye kazi yake ni kubandika kinachotoka. Boksi la samaki wa leo likibeba namba ya samaki wa jana, kumbukumbu yote ya ufuatiliaji inayodaiwa na wanunuzi wa Ulaya inakuwa na uongo ndani yake, na hakuna atakayejua hadi siku ukaguzi utakapofuata boksi hilo. Kwa sababu hiyo A isirudishwe kwenye mtandao kabla hujachomoa kebo yake, ukaiwasha peke yake, ukaisimamisha spula, ukaiondoa kila jozi iliyo ndani ya folda ya PRINTERS, na ukaandika katika daftari la zamu ni kazi zipi ulizoziondoa. Iandike hatua hiyo kwa herufi kubwa juu ya ile karatasi ya kabatini.

Mkishamaliza, chagua siku moja kila mwezi, zamu ikiwa kazini na wewe ukiwepo, uchomoe kebo ya A bila kumwambia mtu. Pima dakika kwa saa ya ukutani tangu kuchomoa hadi lebo ya kwanza kutoka kupitia B. Mkurugenzi akitaka uhakika kwamba fedha yake imetumika vema, umwonyeshe dakika hizo. Halafu mwambie msimamizi wa zamu ahamishe jina yeye mwenyewe kwa kufuata karatasi, wewe ukiwa umekunja mikono. Kama atakwama mahali, kosa ni la karatasi, na ndiyo ya kurekebishwa.

SWALI LA PILI

Ndugu Mhariri, katika ofisi yetu hapa Musoma tunatumia Linux na CUPS, programu inayosimamia uchapaji kwenye Linux. Zamani tulikuwa na seva mbili za CUPS zenye printa za majina yanayofanana, na kompyuta zilikuwa zikiziona kama printa moja. Seva moja ikizimwa, kazi zilipita kwa nyingine bila sisi kufanya lolote. Tulipoweka matoleo mapya jambo hilo lilitoweka. Tumekosea wapi?

Msomaji, Musoma

JIBU

Hamjakosea popote. Uwezo mliokuwa mkiutumia, wa CUPS kuunganisha yenyewe printa zenye jina moja kutoka seva tofauti, uliondolewa katika toleo la 1.6 la mwaka 2012. Njia ninayoipendelea sasa ni kuzipa seva mbili anwani moja ya pamoja kwa programu iitwayo keepalived. Kila seva inabaki na anwani yake, lakini kuna anwani ya tatu inayoshikwa na seva kuu. Ikinyamaza kwa sekunde chache, ya pili inaichukua. Kompyuta zote huelekezwa kwenye anwani hiyo ya tatu, bandari 631, na hazina haja ya kujua nani anajibu.

Angalieni mambo mawili. Keepalived huchunguza kama seva iko hai, wala haichunguzi kama CUPS inafanya kazi, mpaka muiandikie skripti fupi ya kuijaribu bandari 631. Bila hiyo mtakuwa na seva hai inayoishikilia anwani huku CUPS imekufa. Pili, mnaponakili faili la printers.conf pamoja na folda ya ppd, yenye maelezo ya printa, kutoka seva moja kwenda nyingine, simamisheni CUPS kwanza kwenye seva inayopokea, kwa sababu CUPS huliandika upya faili hilo yenyewe na inaweza kufuta mlichokileta. Kazi zilizokuwa zikisubiri kwenye seva iliyoanguka hazitahama, na tahadhari niliyompa msomaji wa Igogo kuhusu kuirudisha inawahusu nanyi pia.

SWALI LA TATU

Ndugu Mhariri, baada ya kubadilisha swichi ofisini kwetu Kirumba, seva inaonyesha kwamba printa mbili haziko mtandaoni, ilhali zimewashwa na ukurasa wake wa mipangilio unafunguka kwenye kivinjari. Kazi zinakaa foleni tu. Nifanye nini?

Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU

Seva ya Windows huiuliza printa hali yake kwa itifaki ya SNMP, kupitia bandari 161 ya UDP. Ikiwa swichi yenu mpya inazuia bandari hiyo, au mtu amebadilisha neno la siri la SNMP kwenye printa ambalo kwa kawaida huwa ni public, seva haipati jibu na huamua kwamba printa haipo, hata kama njia ya kupeleka kurasa iko wazi. Fungua mipangilio ya bandari ya printa hiyo kwenye seva, uondoe alama kwenye kisanduku cha hali ya SNMP, na utume ukurasa wa majaribio. Ukurasa huo ukitoka, umeshajua tatizo liko wapi. Kalisawazishe kwenye swichi au kwenye printa, kisha uirudishe alama, ili seva iendelee kukuarifu karatasi zinapokwisha au kunasa.